PAMGuard: uzoefu wangu wa kutafuta nyangumi wa kina kirefu

Nimeitumia PAMGuard, programu ya kompyuta ya kutafuta sauti za nyangumi kwenye rekodi za chini ya maji, miezi 4 sasa kwa ajili ya masomo yangu ya masters, rekodi zetu ni za El Hierro kule visiwa vya Canary vya Hispania, bahari ya pale ukitoka ufukweni kidogo tu kina kinashuka vibaya ndo maana nyangumi hawa wapo mwaka mzima. Tunayemtafuta ni Ziphius, aina ya nyangumi wa kina kirefu, anapumua juu dakika chache afu huyoo chini, kuna mmoja alipimwa akafika mita 2,992, sasa huyo utamwona saa ngapi kwa darubini? Inabidi umsikilize.

Shida kliki zake, yaani milio mifupi anayotoa akitafuta chakula, ziko kama kilohezi 40 (kipimo cha wembamba wa sauti) na sikio la mtu linaishia 20, nilivyovaa hedfoni siku ya kwanza nikaambulia mawimbi na injini tu. Hapo ndo programu iliponifurahisha, kila kliki inakuwekea kidoti kwenye skrini, bonyeza kidoti ufungue mchoro wa Wigner, unaoonyesha sauti inavyopanda au kushuka ndani ya kliki moja, kliki ya Ziphius inatokea kama kamstari kanakopanda. Nilivyokaona ka kwanza, afu kengine baada ya kama nusu sekunde, afu kengine, mikono ilinitetemeka jamani, mnyama yuko chini gizani anatafuta ngisi na mimi namwona anavyotafuta.

Ila msiiache ihesabu yenyewe! Boti tuliyokodi walisahau kuzima kipima kina, kinapiga kilohezi 50, nikapata maelfu ya "nyangumi" na wiki 2 zikaenda kuwafuta. Cha kipima kina mstari umelala, haupandi, na mapigo yamepangana sawasawa mno. Kagua kwa macho, kwa sababu Septemba 2002 nyangumi 14 walikwama ufukweni Fuerteventura na Lanzarote, visiwa vingine vya Canary, wakati wa mazoezi ya kijeshi yenye sona (mitambo ya kupiga sauti kali majini), 2004 Hispania ikapiga marufuku sona hizo pale, kwa hiyo hesabu zetu zina uzito, kuzikosea kunaniuma.

Programu ni ya bure. Rekoda yako ichukue sampuli angalau 192,000 kwa sekunde, chini ya hapo Ziphius hutampata vizuri, na laptopu ya RAM GB 8 kama yangu utaisubiri sana. Kama ndo unaanza, anza na rekodi za Physeter, nyangumi wale wa kichwa kikubwa, kliki zao unazisikia kabisa kwa sikio, kama fundi anagonga misumari nyumba ya jirani, ukishazoea kuziona na kuzisikia pamoja ndo uhamie kwa Ziphius.