dig au nslookup: ipi ya kuulizia rekodi za DNS?

Zote mbili ni amri za kuandika kwenye terminal, za kuuliza DNS, mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za seva. Kwa upatikanaji, nslookup inaongoza. Kompyuta yoyote ya Windows, hata ya kuazima, inayo tayari. dig ipo kwenye Mac, lakini kwenye Debian au Ubuntu (aina za Linux) wakati mwingine inabidi usakinishe kifurushi cha dnsutils kwanza. Ni dakika moja tu, ila bando likiisha hata hiyo dakika huna.

Kwa undani wa majibu, dig iko mbali. Juzi nilihamisha barua pepe za mteja, zikaendelea kutua kwenye seva ya zamani. nslookup -type=mx (mx ni rekodi inayotaja seva ya barua pepe ya kikoa) ikanipa jina la seva ile ile ya zamani, basi. dig mx ikaongeza namba pembeni: 71460. Hizo ni sekunde zilizobaki kabla jibu lililohifadhiwa halijafutwa, karibu saa 20. Nikamwambia mteja asubiri kesho, nikaenda kula. (Najua, nslookup -debug nayo huitoa. Nani hukumbuka?)

Kuuliza seva fulani, zote zinaweza: dig @8.8.8.8 example.com, au nslookup example.com 8.8.8.8 (8.8.8.8 ni seva ya DNS ya Google). Ila +trace, inayofuata njia kuanzia seva za mzizi hadi za kikoa chenyewe, ni ya dig peke yake. Kwenye skripti, +short inakupa jibu tupu, hakuna cha kuchambua.

Ukiwa unamwelekeza mtu wa Windows kwa simu, mtajie nslookup, usimchoshe na usakinishaji. Ukiwa unalea seva kila siku, dakika ya kusakinisha dig italipa wiki hiyo hiyo.