PLB ya 406 kwa boti za Kigoma: huduma ni bure, lakini kuna ya kuangalia kabla ya kununua

Simu ndiyo inayotegemewa na boti nyingi zinazotoka mwalo wa Kibirizi, nayo huzimika pale inapohitajika zaidi. Chini ya milima ya Mahale mtandao ni wa kubahatisha, na usiku kwenye dagaa, mbali na ufuko, hali ni hiyo hiyo. PLB ni redio ndogo ya dharura ya kuvaa mwilini. Ukishakunjua antena na kubonyeza kitufe, hurusha ishara ya wati 5 kwenye masafa ya 406 MHz kwa nusu sekunde hivi, kisha hurudia kila baada ya sekunde 50 hivi, kwa saa zisizopungua 24. Haina laini wala vocha, na hakuna ada ya mwezi. Huko nje bei yake mara nyingi ni kati ya dola 300 na 450, na ukiinunua umemaliza.

Ubure huo unatokana na Cospas-Sarsat, shirika la mataifa linalopokea ishara hizo kwa setilaiti na kuzipeleka kwa waokoaji. Lina historia ya ajabu kidogo. Oktoba 1972 ndege iliyowabeba wabunge wawili wa Marekani, Hale Boggs na Nick Begich, ilipotea Alaska na haijaonekana hadi leo. Miaka hiyo hiyo ndege ndogo za Marekani zikalazimishwa kubeba redio za dharura za 121.5 MHz. Kasoro ikabaki moja: lazima ndege nyingine ipite juu na rubani awe anasikiliza. Wazo la kuweka masikio hayo kwenye setilaiti likawakutanisha Marekani, Kanada, Ufaransa na Urusi ya Kisovieti, ambao walisaini makubaliano mwaka 1979, vita baridi ikiwa imepamba moto. Ndiyo maana jina lina vichwa viwili: Cospas ni kifupi cha Kirusi, Sarsat cha Kiingereza. Setilaiti ya kwanza, Kosmos 1383, ilirushwa na Wasovieti tarehe 30 Juni 1982. Septemba mwaka huo huo ikasaidia kuwapata watu watatu walioanguka na ndege British Columbia, Kanada. Mkataba wa kudumu ulisainiwa Paris tarehe 1 Julai 1988, na leo sekretarieti iko Montreal.

Historia hiyo ina faida sokoni. Redio za 121.5 hazikuwa na utambulisho. Zilikuwa mlio mtupu, na kengele za uongo zilikuwa nyingi mno. Tarehe 1 Februari 2009 setilaiti ziliacha kabisa kuzisikiliza. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa kifaa cha 121.5 peke yake, achana nacho: hakuna setilaiti inayokisikia. PLB ya kisasa bado hutoa mlio wa 121.5, ila ni wa kuwaongoza waokoaji waliokwisha kukaribia.

Kila kifaa cha 406 kina namba yake ya tarakimu na herufi 15, na hapo ndipo wengi hukwama. Ndani ya namba hiyo kuna msimbo wa nchi. Ya Tanzania ni 674 na 677. PLB iliyoagizwa mtandaoni ikiwa na msimbo wa nchi nyingine itapeleka taarifa zako kwenye rejista ya huko, na huenda wasikubali kukusajili. Mwambie muuzaji aipange upya kabla haijasafirishwa. Unapoandika namba, kumbuka ina 0 hadi 9 na A hadi F tu. Hakuna herufi O. Angalia vizuri 8 na B, 0 na D. Kosa la herufi moja linaweza kukusajilia kifaa kisicho chako.

Usajili kwa kawaida ni bure, na uhuishwe kila baada ya miaka 2. Sehemu muhimu kuliko zote ni namba za simu za watu wa kuulizwa. Kituo cha uokoaji kikipokea ishara, kazi ya kwanza ni kupiga simu: je, boti imetoka, ina watu wangapi, ina rangi gani? Usiweke namba ya nahodha, maana simu yake inaweza kuwa majini pamoja naye. Weka ya kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) na ya mtu wa nyumbani asiyezima simu usiku.

Je, EPIRB, ile kubwa ya kufungwa kwenye chombo? Kwa meli, sawa. Kwa boti ya mbao hatuipendekezi. Kifyatuo chake, kinachoiachia ielee juu, hufanya kazi kwa mgandamizo wa maji, kati ya mita 1.5 na 4. Boti ya mbao ikipigwa na kusi haizami upesi hivyo. Hubinuka na kuelea kifudifudi. Kifyatuo hakifyatuki, na kifaa hubaki kimenaswa chini ya boti, ambako maji huziba ishara. PLB iliyofungwa kwa kamba kwenye jaketi okozi hutoka na mtu.

Nayo ina masharti yake. Aina nyingine hazielei bila mfuko wake, kwa hiyo uliza. Haijiwashi. Antena isimame wima juu ya maji, na mkono usizibe sehemu iliyoandikwa GPS. Bila GPS mahali huweza kukosewa kwa kilomita 5 hivi. Ikipata GPS, ni mita mia moja na ushei. Zenye huduma ya jibu kupitia Galileo, setilaiti za Ulaya, huduma iliyoanza 2020, huwasha taa ishara ikishapokelewa. Taa hiyo haina maana kwamba boti ya uokoaji imeshang'oa nanga.

Jaribu kwa kitufe cha majaribio tu, mara moja kwa mwezi, wala usiiwashe kikweli "kuona kama inafanya kazi". Ikiwaka kwa bahati mbaya, zima kisha upige simu uwaeleze waokoaji, usiifiche. Kabla ya kulipa soma tarehe ya betri ubavuni: nyingi hudumu miaka 5 hadi 7 tangu kutengenezwa, na kubadilisha hufanywa na fundi aliyeidhinishwa. Iliyobakiza miaka 2 si PLB mpya, hata ikiwa bado kwenye boksi.