TAHADHARI: Muuzaji wa uyoga masikio mkavu anayetapeli watu kwenye magrupu

Ndugu zangu, kuna mtu anauza uyoga masikio mkavu (ule wa rangi nyeusi au kahawia wenye umbo la sikio, unaoota kwenye magogo) kupitia magrupu ya WhatsApp na Instagram hapa Dar, na mikoani anatuma kwa basi. Jina la akaunti silitaji kwa sababu halina kazi: akibanwa anafuta na kufungua nyingine. Mtamtambua kwa maneno yake, maana hayo habadilishi. "Uyoga pori halisi kutoka msituni. Uyoga wote unaoota kwenye mti ni salama." Hela anataka yote kabla ya mzigo, na jina linalotokea kwenye simu wakati wa kutuma si lile analojiita.

Mimi ni mkulima wa uyoga wa mamama, na baadhi ya wateja wangu wameniletea vifurushi vyake niviangalie. Nimeviloweka, nimevikata, nimevinusa. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza hiyo kauli yake ya mtini. Ni uongo, na ni uongo wa kuua. Ulaya na Amerika Kaskazini kuna uyoga mdogo wa kahawia uitwao Galerina marginata, unaota kwenye magogo yanayooza, na una sumu ileile inayoharibu ini iliyomo kwenye Amanita phalloides, uyoga unaojulikana kwa kuua. Kuota kwenye mti hakusemi chochote kuhusu usalama. Kinachousalimisha uyoga masikio ni kwamba unatambulika kwa urahisi na mtu aliyeuzoea, basi. Huyu bwana hajauzoea. Picha anayoitangazia biashara yake inaonyesha vifungo vyeusi vinavyong'aa vimejipanga kwenye gogo la mti uitwao mwaloni. Huo ni Bulgaria inquinans, uyoga wa Ulaya na Asia, haupo kabisa kwenye ukoo wa masikio. Ukiusugua mkononi unaacha weusi kwenye vidole. Kule China watu waliokula bila kuuandaa inavyotakiwa wamevimba uso na mikono baada ya kupigwa na jua. Mtu anayeuza chakula kwa picha ya uyoga asioujua, ndani ya pakiti ataweka nini?

Ameweka mchanganyiko. Vipande vichache ni masikio kweli. Vingine ni uyoga mwingine, vile vigae vigumu kama mbao vinavyobandikana kwenye visiki, vimekatwakatwa na kupakwa rangi. Njia ya kuvitenganisha ni maji. Uyoga masikio mkavu ni mwepesi, umejikunja, na pande zake mbili hazifanani: mmoja mweusi au kahawia iliyokolea na laini, mwingine umefifia na una vinyweleo vifupi, hasa kwa hii aina kubwa inayouzwa sana madukani. Hauna kofia, hauna vikaratasi vilivyopangana chini, hauna vitundu. Loweka kipande kwenye maji ya uvuguvugu. Ndani ya nusu saa unakuwa laini, unavutika kidogo, unaongezeka mara kadhaa, na ukiuinua kwenye mwanga sehemu nyembamba zinapitisha nuru. Kigae cha kisiki kinabaki kigumu hata ukikichemsha, na ukikigeuza unaona vitundu vidogo vidogo upande wa chini. Yale maji nayo yatazame. Ya uyoga halisi yanapata rangi hafifu ya kahawia. Ya pakiti za huyu yalitoka meusi tii mara tu uyoga ulipoguswa na maji, na vidole vikabaki na rangi.

Kuna ujanja mwingine wa uzito ambao si yeye aliyeubuni. Huko China umepigiwa kelele miaka mingi. Uyoga unalowekwa kwenye maji ya chumvi ya magnesiamu au sukari, kisha unakaushwa tena, ili nusu kilo ijae haraka. Ukishika unahisi mzito isivyo kawaida, unanata, na kwenye mikunjo kuna unga mweupe. Gusisha ulimi kidogo halafu tema: mkavu safi hauna ladha ya maana. Ukipata uchungu, chumvi au utamu, rudisha. Shilingi 35,000 za mama mmoja wa Mbagala ziliishia kununua chumvi.

Anauza pia ule mweupe wenye mafundo kama ua, Tremella fuciformis, unaopendwa kwa supu tamu. Wake ni mweupe pee, na ukifungua mfuko unapigwa na harufu ya kiberiti. Umefukizwa salfa. Uliokaushwa vizuri una rangi ya krimu, unaelekea manjano kidogo, na haunuki.

Sasa naomba msome hapa kwa makini kuliko kote, hata kama hamjawahi kununua kwake. Kwenye karatasi anayoweka ndani ya pakiti ameandika: "Loweka siku mbili hadi tatu sehemu yenye joto ili uvimbe vizuri." Msifanye hivyo kamwe, hata kwa uyoga mzuri wa duka la kuaminika. Kwenye chakula kilicholowana kikakaa kwenye joto anaweza kuota bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na aina yake mojawapo inatengeneza sumu ya asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haiharibiwi na moto wa jikoni. Chemsha, kaanga, inabaki. Haina dawa ya kuipinga, na inashambulia ini, figo na ubongo. Huko China sumu hii imeshaua watu kupitia uyoga masikio uliolowekwa siku nyingi. Jina la bongkreki limetoka Indonesia, kwenye chakula cha kuchachusha machicha ya nazi. Na msidhani ni mambo ya mbali: Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji, na sumu hiyohiyo ilikutwa kwenye pombe hiyo. Kwa hiyo loweka kiasi utakachopika, nusu saa hadi saa moja, osha vizuri, pika siku hiyohiyo. Uyoga ukiwa na ute unaoteleza au ukinuka, tupa. Na ule anaouza ukiwa umeshalowekwa kwenye mifuko ya nailoni, unaokaa juani kwenye bodaboda kutoka asubuhi, usiupokee hata akikupa bure.

Kuhusu dawa: anasema unatibu presha, sukari na "damu nzito". Ni kweli uyoga huu unaweza kupunguza kuganda kwa damu. Daktari mmoja Marekani aliliandika hilo tangu 1980, baada ya kumwona mtu aliyekula chakula cha Kichina chenye uyoga huo. Hiyo ndiyo sababu ya kuogopa matangazo yake. Mzee anayetumia dawa za kupunguza damu kuganda kama warfarini au aspirini akishauriwa anywe unga wa uyoga vijiko vitatu kwa siku, anaweza kutokwa damu. Kwenye mchuzi, kiasi cha kawaida, ni kitoweo tu. Kama unatumia dawa hizo au unasubiri upasuaji, mwulize daktari wako kwanza.

Stika yake nayo inachekesha. Imeandikwa "Imeidhinishwa na TFDA", na chini yake tarehe ya mwaka huu. TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, haipo tangu 2019. Ilibaki na dawa na vifaa tiba ikaitwa TMDA, na masuala ya chakula yakahamia TBS, shirika la viwango. Ukiona stika hiyo kwenye pakiti mpya ya chakula chochote, si uyoga tu, jua aliyeichapisha anakudanganya.

Waliokwisha kununua, msitupe pakiti. Pigeni picha pande zote, hifadhini ujumbe wa malipo na mazungumzo, pelekeni malalamiko ofisi ya TBS iliyo karibu, na namba aliyopokelea hela itumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Kama kuna aliyekula akaanza kuumwa tumbo, kutapika, kizunguzungu au usingizi usio wa kawaida, asisubiri kesho na asipewe maziwa nyumbani. Apelekwe hospitali sasa hivi, na mabaki ya uyoga pamoja na yale maji ya kulowekea yaende naye kwenye chombo kilichofungwa.