Korg Volca Keys: kinanda kidogo kilichojifunza bugobogobo

Mwangaluka, watazamaji wangu! Nipo ufukweni hapa Mwanza, nyuma yangu mnaliona jiwe la Bismarck, na hiki nilichokipakata ni Korg Volca Keys, sinthesaiza ya analogi, yaani kinanda kinachotengeneza sauti zake kwa saketi za umeme, iliyotoka 2013. Hakuna waya hata mmoja. Inatumia betri 6 za AA, na spika imo humuhumu. Sikilizeni kwanza.

Mmeisikia hiyo besi? Hapo osileta tatu, yaani vyanzo vitatu vya sauti, zinapiga noti moja. Nikizungusha nobu hii, kila osileta inachukua noti yake, napata kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Ila shikeni hili kabla hamjatoa hela: filta, yaani kichujio kinachofanya sauti iwe nzito au ing'ae, ni moja tu kwa zote tatu. Ukiwa umeshikilia kodi ukaongeza noti, filta inaanza upya kwa zote. Na hizi funguo 27 ni za kugusa tu, hazibonyei. Uguse kwa upole, uguse kwa nguvu, sauti ni ileile. Anayetafuta kinanda cha kupigia kwaya, hiki simshauri.

Mimi nilikuwa natafuta kitu kingine. Nimekua nikisikia bugobogobo, ngoma ya sisi Wasukuma ya kuchezea majembe. Mpiga ngoma mzuri hapigi sawasawa na saa. Anachelewa kidogo, kidogo sana, na huko kuchelewa ndiko kunakoinua majembe. Kwenye kompyuta biti zangu zilikuwa zimenyooka mno, mwili hauchezi! Sikwensa ya Volca, yaani sehemu inayorekodi noti na kuzirudia, nayo ina hatua 16, na kwa kawaida inavuta kila noti iangukie kwenye hatua yake. Lakini kuna kitu kinaitwa Flux. Ukiiwasha, noti inabaki palepale ulipoipiga.

Wiki iliyopita nilimwekea mjomba wangu mashine hii mezani. Yeye ni mpiga ngoma tangu ujana wake, kinanda hajawahi kukigusa. Akapiga kwa vidole viwili, noti mbili tu. Tukaiacha ijirudie, akasikiliza ameinamisha kichwa, mwisho akasema: "Hii sasa inalima." Jamani, miaka yote ya kutengeneza biti sijawahi kusifiwa hivyo.

Na si noti tu. Ukizungusha nobu wakati unarekodi, inakumbuka ulivyozungusha, kwa hiyo filta inafunguka na kufunga yenyewe.

Kumbukumbu zake ni 8, za mizunguko uliyorekodi. Sauti yenyewe, yaani mahali nobu zilipokaa, haihifadhi. Napiga picha kwa simu kila nikipata sauti nzuri. Mwanzoni niliumia, siku hizi mkono wenyewe unajua pa kwenda.

Kuhusu umeme: adapta ya volti 9 inauzwa kando. Ukinunua nyingine ya mtaani, linganisha alama za chanya na hasi na zile zilizo kwenye mashine, usiunguze kitu kipya. Na usiiache juani, joto linayumbisha tyuni ya analogi. Ndiyo maana mnaniona nimejibana kwenye kivuli.

Mjomba huyo anakuja, na ngoma yake begani. Ngoja niongeze sauti. Mjomba, shikamoo! Kaa hapa karibu na maiki, anza wewe, mimi nakufuata.