Kamusi nono ya Oxford, mtumba wa Tom Mboya

Kama uko tao na unataka kamusi ya Kiingereza ya kutumia kikweli, pitia kwa wale jamaa wanapanga vitabu chini pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, uulize Oxford Advanced Learner's. Yangu niliuziwa mia tano baada ya kubageni sana, jalada limeshikwa na selotepu na kurasa za Z hazipo, lakini katikati iko fiti kabisa.

Sababu ya kuisifu hivi ni neno didactic. Sistangu ni mwalimu, juzi alikuwa anaandika barua ya kuomba kazi akajiita mwalimu didactic, kwa sababu kamusi ya simu ilimwambia ni "-a kufundisha" ikanyamaza hapo. Nikamwambia hebu ngoja kwanza tufungue hii. Kumbe ziko maana mbili: ya kwanza ni kitu kilichotungwa kifunze watu, hasa maadili, na hapo hakuna ubaya, Utendi wa Mwana Kupona wa 1858, mama anamuusia bintiye, ni didactic toka mwanzo hadi mwisho na ndio utamu wake. Ya pili ndio kali, mtu wa kukuambia kila kitu badala ya kukuacha ujionee mwenyewe, na hapo kamusi inakuonya wazi kwamba kawaida neno hili ni la kulaumu. Sasa fikiria barua kama hiyo enzi hizi za mtaala wa CBC shuleni Kenya, mwalimu mkuu anatafuta mtu wa kuwaacha watoto wajaribu wenyewe! Akafuta, akaandika anavyowapanga kwa vikundi wafanye jaribio kabla yeye hajaeleza.

Lakini usiogope hilo neno kila mahali. Kwa wanafunzi wa udaktari Marekani, didactic ni masomo ya darasani tu, tofauti na ya wodini, na hakuna anayetukanwa.

Maonyo kama hayo yako kwenye kamusi hii kwa sababu A. S. Hornby, aliyeianzisha, alikuwa akifundisha Kiingereza Japani, na ilitoka Tokyo 1942 kabla Oxford haijaichapisha 1948. Yaani tangu mwanzo ni ya watu ambao Kiingereza wamejifunza, si wa kuzaliwa nacho, na hilo unalihisi ukiisoma.

Toleo la 10 ni la 2020, la 7 ama la 8 bado linatosha. Pekua kurasa zote kabla hujalipa, na ukiambiwa uongeze pesa kwa sababu iko na CD, kataa, laptop za siku hizi hazina hata pa kuiweka.