Kliniki ya mfumo wa mkojo Ngamiani, Tanga: huduma kwa mwenye uvimbe mdogo wa figo

Nilimsindikiza mjomba katika kliniki moja binafsi ya mfumo wa mkojo hapa Ngamiani baada ya altrasaundi, aliyopimwa kwa sababu ya maumivu ya tumbo, kuonyesha uvimbe wa sentimita 2.6 kwenye figo ya kushoto. Mjomba ana kisukari na presha, maradhi ambayo yenyewe huzichosha figo, kwa hiyo kumwondolea figo nzima ni jambo zito.

Sifa kubwa ya kliniki hii ni maelezo. Daktari bingwa hakuanza na habari za kisu. Aliziweka picha za CT kwenye kioo chenye taa, akachora figo kwenye karatasi na kutuonyesha kwamba uvimbe umekaa pembezoni, mbali na mishipa mikubwa ya damu. Alieleza kuwa uvimbe usiozidi sentimita 4 mara nyingi hukatwa wenyewe na figo ikaachwa, kwa upasuaji wa matundu madogo pale vifaa na utaalamu vinapokuwepo. Kwamba ulio chini ya sentimita 3 unaweza pia kuunguzwa au kugandishwa kwa sindano maalumu inayopitishwa kwenye ngozi kwa kuongozwa na picha, ingawa uwezekano wa kurudi ni mkubwa kidogo kuliko ukikatwa. Na kwamba kwa mzee mwenye maradhi mengine, kuufuatilia kwa vipimo vya mara kwa mara ni njia halali kabisa. Alishauri kinyama cha uvimbe kichukuliwe kwanza kikapimwe maabara, kwa kuwa takribani mmoja kati ya vivimbe vitano vya ukubwa huo si saratani.

“Kwa hiyo siingii thieta?” mjomba akauliza.

“Bado, mzee wangu. Tujue kwanza ni kitu gani.”

Upande wa malipo haukuniridhisha hata kidogo. Gharama ya CT hatukuambiwa mpaka tulipofika dirishani, na kipimo cha kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi), ambacho kwa mgonjwa wa kisukari lazima kitangulie dawa ya kung'arisha picha, kilikumbukwa tukiwa tumeshalipa. Hilo ni suala la usalama na walirekebishe.

Matibabu yenyewe hayafanyiki hapo; wanaandika rufaa ya Dar es Salaam. Barua ya mjomba ilitaja ukubwa wa uvimbe, mahali ulipo, kiwango cha kreatinini na dawa zote anazotumia, na picha tukapewa kwenye CD bila kuziomba.