LaGuardia, New York: ada hakuna, jasho lipo

Binti yangu yuko mwaka wa tatu katika sekondari ya sanaa ya LaGuardia, Manhattan, upande wa uimbaji. Tunaishi Bronx, kila asubuhi anapanda treni namba 1 hadi kituo cha mtaa wa 66. Shule iko nyuma tu ya Lincoln Center, kituo kikubwa cha muziki na maonyesho.

Ndugu zangu wa Tanga hawaniamini nikiwaambia ni shule ya serikali, ada hulipi hata senti. Meya Fiorello La Guardia aliianzisha 1936, na jengo la sasa waliingia 1984. Ila mlango ni mwembamba. Mtoto lazima awe mkazi wa jiji la New York, na apite usaili wa sanaa. Wangu aliimba bila ala, kisha akapigiwa midundo airudishe, akachezewa tuni aifuatishe. Mimi nilikuwa nje, viganja vimelowa jasho.

Masomo mengine hayaachwi. Hesabu, sayansi, historia, na mitihani ya jimbo anafanya kama wenzake wote. Jioni anarudi hoi, na kazi za nyumbani zinamsubiri. Lakini leo anasoma nota kama mimi ninavyosoma gazeti, na anaimba kwa Kiitaliano! Zamani alijua kudaka kwa sikio tu, nyimbo za bibi yake.

Mwenye mtoto anayeingia darasa la nane, anza kumwandaa kiangazi, maana maombi hufunguliwa vuli. Mdogo wa binti yangu tayari ameshika fidla, na ninampeleka hukohuko.